Tulipovunja uhusiano na Uingereza 1965: kisa cha kiti cha balozi kati ya Dar es Salaam na London

KaleNaLeo (mleta uzi) #1

Wakuu, salaam kwenu.

Juzi kwenye uzi wa mambo ya nje kuna ndugu aliandika kwamba Tanzania na Uingereza hazijawahi kukosana tangu Uhuru, kwamba mabalozi wamekuwa wakipokezana kijiti bila kukatika hata siku moja. Nilitaka kumjibu palepale, nikaona jibu lenyewe ni refu na litaua mada ya mwenye uzi. Nimelileta huku.

Kuanzia tarehe 15 Desemba 1965 hadi Julai 1968 Uingereza haikuwa na balozi Dar es Salaam, wala sisi hatukuwa na balozi London. Hawakukata wao, tulikata sisi. Na muda wote huo tulibaki ndani ya Jumuiya ya Madola. Hilo la mwisho ndilo limenikalisha kuandika, maana naona hata watu waliosoma historia vizuri wanalipita haraka, na mimi naliona ndilo lenye akili kuliko yote.

Nitaandika kwa vipande. Mwenye nyongeza aweke, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Tuanze na kiti chenyewe. Kabla ya Uhuru hapakuwa na balozi, palikuwa na gavana, Sir Richard Turnbull. Tulipopata Uhuru 9 Desemba 1961, Prince Philip alikuja kumwakilisha Malkia, na Turnbull akabaki kama Gavana Mkuu kwa mwaka mmoja hadi tulipokuwa Jamhuri. Kwa hiyo mwaka ule wa kwanza mjini palikuwa na Waingereza wawili wakubwa kwa mpigo. Gavana Mkuu kisheria alikuwa mtu wa Malkia kama Malkia wa Tanganyika. Na Sir Neil Pritchard, balozi wa kwanza, alikuwa mtu wa serikali ya London.

Hapo kuna jambo la itifaki ambalo wengi hawalijui. Balozi wa kawaida huleta hati za utambulisho kutoka kwa mkuu wa nchi yake, akamkabidhi mkuu wa nchi aliyofikia. Sasa mkuu wa nchi wa Uingereza alikuwa Malkia, na wa Tanganyika alikuwa Malkia huyohuyo. Asingeweza kujiandikia barua mwenyewe. Nchi za Madola zilizokuwa chini yake zikawa zinatumiana mjumbe mwenye cheo cha Kamishna Mkuu, na barua yake ilitoka kwa waziri mkuu kwenda kwa waziri mkuu mwenzake. Cheo hicho ni cha zamani sana. Canada ilimpeleka Alexander Galt London kwa cheo hicho tangu 1880. Baadaye nchi nyingi za Madola zikawa jamhuri, lakini cheo kikabaki, na kipo hadi leo. Kiswahili hakikuhangaika nacho, kikawaita wote balozi, nami nitaandika balozi.

Ofisi iliyomtuma Pritchard nayo haikuwa Wizara yao ya Mambo ya Nje. Ilikuwa ofisi nyingine kabisa, ya Uhusiano wa Jumuiya ya Madola, yenye watu wake, mafaili yake na mazoea yake. Kwao, Dar es Salaam haikuwa nchi ya kigeni kama Paris au Bangkok. Shikeni hilo, maana itakuja siku mazoea hayo yatagonga ukuta.

Na sisi tulimpeleka nani London? Mchoraji! Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, aliyesomea Makerere na chuo cha sanaa cha Slade hukohuko London, kisha akafundisha Makerere. Picha yake moja ilikuwa imeshanunuliwa na jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York kabla hata hatujapata Uhuru. Mkewe, Sarah Nyendwoha Ntiro wa Uganda, alikuwa amehitimu historia Oxford mwaka 1954, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata shahada pale. Hebu fikirini nchi mpya, wasomi wenye shahada wanahesabika, na nyumba ya balozi wake wa kwanza kwa mkoloni wa jana ina watu wawili wa aina hiyo. Kila nikisoma habari zao najisikia fahari.

Nakuja na kipande cha pili.

Ngosha_Mwz #2

Mkuu endelea, nipo. Hilo la Malkia kushindwa kujiandikia barua sikuwahi kulisikia darasani.

BintiShangani #3

Shikamooni wakubwa. Kaka KaleNaLeo, kabla hujaendelea naomba usitusahau wa visiwani, maana sisi tulikuwa na kiti chetu peke yetu, tena cha zamani kuliko cha Dar.

Uingereza ilimweka balozi mdogo Unguja tangu 1841, Kapteni Atkins Hamerton, zama za Seyyid Said. Baadaye akaja John Kirk, na ni wakati wake, 1873, Seyyid Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Kwetu Shangani mpaka leo ukiuliza nyumba ya balozi wa Kiingereza ya zamani utaonyeshwa.

Lakini kiti cha balozi wa nchi huru kilidumu kidogo mno. Uhuru wa 10 Desemba 1963, balozi akawa Timothy Crosthwait. Mapinduzi 12 Januari 1964. Uingereza ikavuta miguu kuitambua serikali mpya ya Mzee Karume, wiki zikapita, na Februari Crosthwait akaambiwa aondoke. Siku chache baadaye, tarehe 23 Februari, London ikatambua. Halafu 26 Aprili tukaungana, na balozi za Unguja zikashushwa hadhi zikawa ofisi ndogo, kwa kuwa makao makuu ya Muungano yalikuwa Dar. Kwa hiyo ukihesabu, balozi wa Uingereza kwa Zanzibar huru alikaa miezi miwili na siku kadhaa.

Bibi yangu alikuwa akiishi mtaa wa nyuma. Alikuwa akisema kilichomshangaza siku hizo ni kimya cha majumba ya wakubwa, madirisha yamefungwa mchana kweupe.

KaleNaLeo #4

Dada BintiShangani, ahsante sana. Hiyo ni nyongeza yenye uzito. Na inaungana moja kwa moja na kipande changu, kwa sababu Januari hiyohiyo 1964 moto ulifika Dar.

Tarehe 20 Januari askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walitaka maafisa wa Kiingereza waondoke na mishahara ipande. Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, ndiye aliyekwenda kuzungumza nao. Kiti cha balozi wa Uingereza siku zile kilikuwa na kaimu, Stephen Miles, maana Pritchard alikuwa ameshamaliza muda wake. Waingereza walikataa kuleta askari kwa maneno ya mdomo. Walitaka ombi kwa maandishi. Nyerere alilitoa, na alfajiri ya tarehe 25 makomando wa majini wakashuka kutoka kwenye manowari ya Centaur wakaumaliza uasi kwa muda mfupi.

Hili lilimuuma Mwalimu na hakuficha. Mwezi uliofuata aliwaita mawaziri wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, hapa Dar kueleza kwa nini nchi huru imewaita askari wa mkoloni wa jana, na Nigeria ikaleta kikosi chake kushika nafasi ya Waingereza. Nawaomba muiweke kumbukumbu hiyo karibu, kwa sababu ni chini ya miaka miwili baadaye mtu huyohuyo, mwenye deni hilo la shukrani, ndiye aliyevunja uhusiano. Angekuwa mtu wa kulipa fadhila kwa kunyamaza, angenyamaza.

Agosti 1964 akaja balozi kamili, Robert Fowler. Alikuta nchi yenye jina jipya lililokuwa likija na mji uliojaa wapigania uhuru wa kusini. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake hapa.

Mwaka 1965 ulikuwa mgumu toka mwanzo. Januari tuliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani. Februari Ujerumani Magharibi ikaondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu ya ofisi ya Wajerumani wa Mashariki Zanzibar, na Mwalimu akawaambia kama ni hivyo basi misaada mingine nayo wachukue. Hapo ndipo Canada ilipoingia kutufundishia jeshi. Msiisahau Canada.

Halafu ikaja 11 Novemba 1965. Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia (leo Zimbabwe), akatangaza uhuru wa nchi hiyo kwa niaba ya Wazungu laki mbili na ushei katika nchi yenye Waafrika takriban milioni 4. Kwa sheria ile lilikuwa koloni la Uingereza, na mwenye wajibu wa kuzima uasi alikuwa Harold Wilson, waziri mkuu wa Uingereza. Wilson alikuwa ameshasema mapema kwamba hatatumia nguvu. Akaweka vikwazo.

Mawaziri wa OAU wakakutana Addis Ababa mwanzoni mwa Desemba. Wakaazimia kwamba kama Uingereza haitakuwa imeuzima uasi ifikapo 15 Desemba, nchi zote wanachama zivunje nayo uhusiano. OAU ilikuwa na wanachama zaidi ya 30. Siku ilipofika waliotekeleza walikuwa 9: Algeria, Kongo-Brazzaville, Ghana, Guinea, Mali, Mauritania, Misri, Sudan na sisi. Somalia ilikuwa imeshavunja tangu 1963 kwa ugomvi wa mpaka wa kaskazini mwa Kenya, kwa hiyo haikuwa na cha kukata. Katika hao 9, nchi za Madola zilikuwa mbili tu, Tanzania na Ghana. Sisi tulikata siku yenyewe, tarehe 15. Ghana ya Nkrumah kesho yake.

Siku moja kabla, Mwalimu alisimama Bungeni akaeleza kwa kirefu. Hoja yake kuu ilikuwa heshima ya neno la Afrika: tumeazimia pamoja, tukirudi nyuma nani atatusikiliza tena? Na hapohapo akaeleza kwamba hatutoki Jumuiya ya Madola, kwa sababu Jumuiya si mali ya Uingereza. India imo, Canada imo, Zambia imo, nao hawajatukosea. Akasema pia kwamba Waingereza walioko nchini, walimu, madaktari, mafundi, wako salama na wanahitajika, asiguswe mtu.

Nikisoma hapo huwa nasimama kidogo. Alitenganisha vitu vitatu ambavyo mtu mwenye hasira huvichanganya: serikali ya London, Jumuiya, na Mwingereza anayefundisha hisabati Tabora.

Mlimani94 #5

Mkuu, kwa heshima zote napinga. Uzuri wa maneno hausaidii kama matokeo ni sifuri. Tulikuwa tumeshaahidiwa mkopo wa pauni milioni 7.5 wa maendeleo, Waingereza wakausimamisha. Kwa nchi ya mwaka 1965 hiyo si hela ndogo, ni barabara, ni shule. Smith alipata hasara gani kwa Fowler kupanda ndege? Aliendelea hadi 1979. Kenya haikuvunja, Uganda haikuvunja, hata Zambia iliyopakana na Rhodesia haikuvunja, na hakuna anayewaita wasaliti. Na kama ulikuwa msimamo wa dhati, kwa nini tulirudi 1968 Smith akiwa bado madarakani?

KaleNaLeo #6

Mkuu Mlimani94, hoja zako ni nzito na nitazijibu moja moja.

Mkopo ni kweli. Pauni milioni 7.5, zilizuiwa. Hakuna haja ya kupunguza ukubwa wake.

Zambia isingeweza. Shaba yake ilipita kwa reli ya Rhodesia, umeme wake ulitoka Kariba, ambako mitambo ilikuwa upande wa Smith, makaa ya mawe yalitoka Wankie. Kaunda angejifunga kitanzi. Mwalimu hakumlaumu hadharani, na wala mimi simlaumu. Kilichofanyika ni kwamba sisi tukawa mlango wake: malori yakaanza kupiga ile barabara mbaya ya kwenda Tunduma, bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika 1968, na reli ya TAZARA ikajengwa na Wachina 1970 hadi 1975. Kwa hiyo usitazame kuvunja uhusiano peke yake. Sisi tulikuwa na nafasi ya kusema neno ambalo Zambia haikuweza kulisema, tukalisema, na bandari yetu ikabeba mzigo wake.

Je, Smith aliumia? Kwa Fowler kuondoka, hapana. Lakini walengwa hawakuwa Salisbury, mji mkuu wa Smith. Walengwa walikuwa London. Hofu ya Mwalimu ilikuwa kwamba Wilson angekaa mezani na Smith wakapatana juu ya uhuru usio wa walio wengi. Alichokitaka ni ahadi moja tu, kwamba hakuna uhuru kabla ya utawala wa walio wengi. Wilson hakuitoa. Januari 1966 viongozi wa Madola walikutana Lagos, na pale ndipo Wilson alipowaambia kwamba vikwazo vitamwangusha Smith kwa majuma, si miezi. Tanzania na Ghana hazikwenda. Majuma yale yalikuja kuwa miaka 14. Na Desemba 1966 Wilson kweli alikaa na Smith ndani ya manowari iitwayo Tiger kutafuta mapatano. Hofu ya Mwalimu haikuwa ya kubuni.

Kwa nini tulirudi, nitalijibu kwenye kipande chake. Nipe muda.

Ngosha_Mwz #7

Swali dogo mkuu. Balozi akishaondoka, nani anabaki na funguo? Kama Mwingereza wa Mwanza kaibiwa pasipoti anakwenda wapi? Na vijana wetu waliokuwa wanasoma kule walifukuzwa?

KaleNaLeo #8

Swali zuri, na ndipo Canada inaporudi.

Kuna desturi kwamba nchi mbili zikikatana, kila moja humwomba rafiki wa pande zote amsimamie mambo yake. Uingereza ilimwomba Canada. Kwa hiyo ndani ya ubalozi wa Canada hapa Dar kulikuwa na kitengo cha maslahi ya Uingereza. Mwingereza wako wa Mwanza angekwenda huko. Ni mwana-Madola mmoja anamshikia mwana-Madola mwingine funguo katika nyumba ya mwana-Madola wa tatu. Na Wacanada haohao walikuwa wanafundisha jeshi letu. Jambo kama hilo linawezekana tu kama hukutoka kwenye Jumuiya.

Vijana wetu hawakufukuzwa. Kwa sheria za Uingereza za wakati ule raia wa nchi yoyote ya Madola hakuhesabiwa kuwa mgeni kamili. Kwa kuwa hatukutoka, hadhi hiyo ilibaki. Mtanzania mkazi wa London aliendelea hata kuwa na haki ya kupiga kura kule, wakati serikali zetu hazisalimiani. Mtu aliyesema Jumuiya si mali ya Uingereza alikuwa anajua anachokilinda.

Sasa oneni yaliyotokea wakati kiti ni kitupu. Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa na shilingi yetu ikaanza. Februari 1967 Azimio la Arusha, na siku moja baada ya kutangazwa, mabenki yakataifishwa: Barclays, Standard, National and Grindlays, yote ya Kiingereza. Lilikuwa pigo kubwa kuliko yote kwa mali ya Waingereza nchini, na hapakuwa na balozi wa Uingereza wa kwenda Ikulu kulalamika. Halafu katikati ya 1967 Kambona, yule aliyewakabili waasi wa Colito, alikosana na Mwalimu akakimbilia London. London ileile ambayo mwaka 1960 alifunga ndoa katika kanisa kuu la St Paul's. Akawa mkimbizi katika mji ambao nchi yake haikuwa na balozi wa kumfuatilia.

Mama Tegeta #9

Wanangu hamjambo. Mimi ni msomaji tu, siandikagi, ila hili la mabenki limenigusa.

Baba yangu alikuwa karani kwenye benki mojawapo ya hizo pale Independence Avenue, ambayo sasa ni Samora. Alisimulia mara nyingi. Alikwenda kazini kama kawaida, akakuta askari mlangoni. Aliogopa, akajua kuna wizi. Ndani wakaambiwa kila mmoja akae mezani kwake aendelee na kazi. Meneja Mzungu alikaa ofisini siku nzima mlango wazi, hana la kufanya, akipokea simu na kujibu hajui. Jioni akampa baba mkono, akamwambia kesho mje mapema. Baba alisema yule mzee hakuwa mtu mbaya, na kwamba kilichomsikitisha ni kwamba hakuwa na wa kumuuliza. Sikuwahi kuelewa kwa nini hakuwa na wa kumuuliza, hadi leo ninaposoma hapa kwamba balozi wao hakuwepo.

KaleNaLeo #10

Shikamoo mama. Ahsante kwa simulizi hiyo, naomba usiache kuandika.

Na nikuongezee kitu kinachoendana nayo. Mabenki yale yaliunganishwa yakawa Benki ya Taifa ya Biashara, na aliyepewa kuiongoza ni Amon Nsekela. Mwaka 1974 Nsekela huyohuyo aliteuliwa kuwa balozi wetu London, akakaa huko hadi 1981. Yaani mtu aliyekabidhiwa mali ya mabenki ya Kiingereza ndiye aliyepelekwa kukaa nao. Nao wakampokea.

Sasa la kurudi. Mkuu Mlimani94 nisikilize hapa.

Kufikia 1968 waliobaki nje walikuwa wachache. Ghana ilirudi mapema 1966 mara baada ya Nkrumah kupinduliwa. Wengine nao wakarudi mmojammoja. Kukaa peke yako mlangoni baada ya wenzio wote kuingia hakumsumbui aliye ndani. Mwalimu aliliona hilo, na Julai 1968 uhusiano ukarejeshwa. Sitalipamba: kwa kipimo cha kuiangusha Rhodesia, hatua ile haikufanikiwa, na kurudi kulikuwa kukubali kwamba chombo kile kimekwisha makali.

Lakini tulirudi vipi? Miezi mitatu kabla, tarehe 13 Aprili 1968, Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, jimbo lililojitenga na Nigeria, wakati Uingereza inaiuzia silaha serikali ya Nigeria. Na mwaka huohuo tukatangaza kwamba hatutaendelea kuwalipa pensheni maafisa wa kikoloni kwa kazi waliyoifanya kabla ya Uhuru, kwa hoja kwamba walikuwa wakimtumikia mwajiri mwingine, basi mwajiri huyo awalipe. Uingereza ikakasirika, misaada ikafungwa tena, ikaja kufunguka katikati ya miaka ya 70. Kwa hiyo balozi alirudi, hela hazikurudi. Aliyerudi kwa kupiga magoti hafanyi hivyo.

Na tazama aina ya balozi waliyemleta. Horace Phillips, mzaliwa wa Glasgow, mtu wa Wizara ya Mambo ya Nje, ametokea Indonesia. Huyu alikuwa ameteuliwa kwenda Saudi Arabia mwaka huohuo 1968, Wasaudi wakaondoa kibali baada ya magazeti kuandika kwamba ni Myahudi. Akaletwa kwetu, nasi tukampokea bila neno, akakaa hadi 1972. Oktoba 1968 ile ofisi ya Madola niliyoitaja mwanzo ikavunjwa, ikamezwa na Wizara ya Mambo ya Nje. Yale mazoea ya kutuona kama watu wa nyumbani yakaisha rasmi. Kuanzia Phillips, balozi wa Uingereza Dar amekuwa mwanadiplomasia aliyetumwa nchi ya watu, kama anavyotumwa Ankara, ambako ndiko Phillips alikokwenda baada ya hapa. Kwangu hiyo ni heshima kubwa kuliko ile ya mwanzo.

Mlimani94 #11

Nakubali la Biafra na pensheni sikuwa nimeviweka kwenye mstari mmoja na kurejesha uhusiano. Hapo umenipata. La mkopo bado lina uchungu wake. Ila niulize: je, baada ya hapo tuliwahi kutishia tena?

KaleNaLeo #12

Tulitishia, tena kwa silaha kubwa zaidi.

Na haikuwa mara ya kwanza. Machi 1961, hata Uhuru bado, Nyerere aliandika kwenye gazeti la Observer la London kwamba Afrika Kusini ya ubaguzi ikibaki ndani ya Madola, Tanganyika haitaingia. Siku chache baadaye Afrika Kusini ikaondoa ombi lake la kubaki. Halafu 1970 Edward Heath alipoingia madarakani kama waziri mkuu wa Uingereza akataka kuiuzia Afrika Kusini silaha za majini. Mwalimu akaenda kuonana naye Oktoba mwaka huo, na safari hii suala halikuwa balozi, lilikuwa uanachama wenyewe. Mkutano wa Singapore, Januari 1971, ukawaka moto. Mwishoni likatoka Azimio la Singapore la misingi ya Madola, ambalo lilipinga pia ubaguzi wa rangi, na Uingereza ikaishia kuuza helikopta 7 tu. Kabla Obote hajarudi nyumbani Uganda kutoka mkutano huo, Amin akampindua. Uingereza ikamtambua Amin haraka. Sisi tukamkaribisha Obote Dar, na Amin hatukumtambua. Phillips alikuwa na kazi nzito miezi ile, lakini safari hii hakuna aliyemwambia afunge virago.

Ndiyo maana nasema 1965 ilifundisha kitu pande zote mbili. Sisi tulijifunza kwamba kumwondoa balozi kunamaliza mazungumzo, na kutishia kuondoka kwenye Jumuiya kunayaanzisha. Lakini tishio hilo linaaminika kwa sababu tu wameshaona kwamba ukisema utakata, unakata, hata kama ni kwa pauni milioni 7.5.

BintiShangani #13

Kaka, na kina mama je? Mabalozi wote uliowataja ni wanaume.

KaleNaLeo #14

Dada hapo sisi tuliwatangulia. Mwanaidi Maajar alikuwa balozi wetu London kuanzia 2006. Uingereza ilimleta mwanamke wa kwanza Dar, Diane Corner, mwaka 2009, kisha wakafuatana Dianna Melrose na Sarah Cooke. Na sisi 2016 tukampeleka Dkt. Asha-Rose Migiro, ambaye alishakuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Ngosha_Mwz #15

Mkuu malizia la Rhodesia basi. Mwisho wake sisi na Waingereza tulikaa upande gani?

KaleNaLeo #16

Julai 1979 Malkia alikuja Tanzania, ziara yake ya kwanza hapa tangu Uhuru. Balozi alikuwa Peter Moon. Kutoka hapa akaenda Malawi, Botswana, kisha Lusaka kwenye mkutano wa wakuu wa Madola. Pale wakajifungia watu wachache kuandika makubaliano juu ya Rhodesia: Margaret Thatcher, Kaunda, Malcolm Fraser wa Australia, Michael Manley wa Jamaika, mjumbe wa Nigeria, Katibu Mkuu wa Madola Ramphal, na Nyerere. Walichokubaliana ni uchaguzi utakaosimamiwa na Uingereza yenyewe, ikiwajibika kama mwenye koloni, na utawala wa walio wengi. Septemba yakaanza mazungumzo ya Lancaster House, London, wakatia saini 21 Desemba 1979.

Ukilisoma lile tamko la Lusaka, kisha ukarudi kwenye hotuba ya Bungeni ya 14 Desemba 1965, utakuta dai ni lilelile: Uingereza ichukue wajibu wake, na uhuru uje kwa walio wengi. Safari hii lilikuwa na saini ya waziri mkuu wa Uingereza, na Mwalimu alikuwa kwenye chumba hicho kwa sababu hakuwahi kutoka kwenye Jumuiya.